PESA IKIKATWA, ALIYEKATA AONYESHE KARATASI

Ndugu wafanyakazi,

Kila mwisho wa mwezi hapa Rumonge tunaona jambo lile lile. Mfanyakazi wa michikichi anakwenda benki kuchukua mshahara, anakuta umepungua. Anauliza: nani amekata? Anajibiwa kwamba mashine ndiyo iliyokata, arudi kesho. Kesho anaambiwa mwenye kujua hayupo. Siku mbili za kazi zimepotea, na nauli juu yake. Mara ya tatu harudi tena. Swali limekufa, na pesa imekwenda.

Sisi tunasema: mashine haikati pesa bila mtu kuiamuru. Huenda ni gharama za benki, huenda ni deni, huenda tulimdhamini mwenzetu akashindwa kulipa, huenda ni kosa au wizi. Liwe lolote, aliyekata ndiye wa kuonyesha karatasi. Si kazi ya mvuna michikichi kuthibitisha kwamba hakukopa.

Tusiambiwe kwamba tunadai makubwa. Kusini mwetu, kwenye ziwa hili hili, jirani zetu wa Tanzania wana kanuni zilizotolewa na Benki Kuu yao mwaka 2019 kuwalinda wateja. Asiyeridhika na jibu la benki yake anaweza kupeleka malalamiko Benki Kuu. Kwetu pia mabenki yana msimamizi: Benki ya Jamhuri ya Burundi.

Lakini na sisi tujikosoe. Wengi tunatia sahihi au dole gumba kwenye karatasi ya Kifaransa bila kusomewa. Karatasi hiyo ndiyo tunayoonyeshwa baadaye.

Basi, ndugu, tufanye hivi. Tusitie sahihi kabla ya kusomewa kwa lugha tunayoielewa. Tuombe karatasi ya mapato na matoleo ya akaunti, tuweke alama penye kiasi tusichokijua. Tuulize kwa barua: nani aliamuru, siku gani, kwa karatasi ipi? Tudai muhuri na tarehe kwenye nakala yetu. Neno la mdomoni hukanwa, muhuri haukanwi. Asiyejua kuandika amwone mjumbe wa sendika. Tukiwa kumi wenye swali moja, twende kumi.

Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukimaliza. Faranga iliyotolewa jasho haiondoki bila maelezo.

Umoja ni nguvu!