Makaburi ya Kaole na swali la mtoto aliyefiwa

Wiki mbili zilizopita niliongozana na kaka yangu na wanawe wawili kwenda Bagamoyo. Kutoka mjini tulichukua bajaji hadi Kaole, mwendo wa kilometa tano hivi, kuona magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Nilidhani watoto watafurahia zaidi mbuyu na kisima. Kumbe yule mdogo, mwenye miaka sita, aliganda mbele ya kaburi lenye nguzo ndefu.

“Shangazi, haya mashimo ni ya nini?”

Mashimo yenyewe ni ya duara, na yamejipanga kwenye nguzo. Mtembeza wageni alimjibu vizuri: hapo palikuwa na mabakuli. Mafundi wa enzi hizo walichukua mabakuli ya kauri kutoka China, yaliyofika pwani kwa biashara ya Bahari ya Hindi, wakayapachika kwenye chokaa kabla haijakauka. Leo mengi yametoka na kilichobaki ni alama zake. Vipande vya vyombo vya aina hiyo vimehifadhiwa kwenye makumbusho ndogo iliyopo hapo hapo.

Mzazi, ukipata nafasi wapeleke wanao wakaangalie kazi ile kwa karibu. Makaburi yamejengwa kwa mawe ya matumbawe. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni. Pale fundi alipotaka nakshi, alitumia matumbawe laini yaliyotoka baharini, akayachonga yakiwa bado mabichi, kwa sababu yakikauka huwa magumu. Kaburi huzungushiwa ukuta mfupi wa mstatili, ukuta hugawanywa kwa miraba iliyoingia ndani kidogo, kisha nguzo husimama juu kiasi kwamba unaiona kabla hujafika.

Makaburi ya nguzo yapo sehemu nyingi za pwani, kuanzia Somalia hadi Tanzania. Yapo Kunduchi, Dar es Salaam, na yapo Malindi na Mambrui nchini Kenya. Gede kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Nguzo zenyewe hazifanani: nyingine ni za mraba, nyingine za mviringo, nyingine zina pembe nane.

Hapo Kaole pia lipo kaburi linaloitwa la Sharifa, ambako watu hufika hadi leo kuomba dua. Masheikh wanatofautiana kuhusu kuyajengea makaburi na kuyazuru kwa namna hiyo, na mjadala huo ninawaachia wao. Kilichonigusa mimi ni jambo jingine. Makaburi yale yako kando ya msikiti, mahali ambapo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, angeyaona. Nguzo ilisema wazi: hapa amezikwa mtu, naye alikuwa na watu wake.

Wakati nawaza hayo, mtoto akauliza tena, safari hii akimwangalia baba yake.

“Na hawa nao wamesafiri?”

Tulinyamaza wote. Mama yetu alifariki mwezi wa kwanza. Siku ya msiba watoto walipelekwa kwa jirani, na mdogo akaambiwa bibi amesafiri. Tangu hapo alianza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu. Baba yake akiaga kwenda kazini mkoani, anamng’ang’ania mlangoni akilia. Nyumbani walisema ni deko. Mimi ninayeandika habari za afya kila wiki niliyasikia hayo yote kwenye simu, na sikuunganisha.

Mtoto wa chini ya miaka mitano mara nyingi huona kifo kama kitu cha muda, kwamba aliyekufa atarudi. Kati ya miaka mitano na saba wengi huanza kuelewa kwamba harudi tena. Ukimwambia “amesafiri”, anasubiri, na kila anayebeba begi anamtia hofu. Ukimwambia “amelala”, anaweza kuogopa kulala. Sisi tunadhani tunamkinga na uchungu, kumbe tunamwacha peke yake nao.

Kaka alichuchumaa pale pale mchangani. “Hapana, baba. Hawa walikufa. Na bibi pia alikufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi, hawezi kurudi. Tulikosea kukwambia amesafiri.”

Mtoto alilia kidogo, kisha akauliza, “Bibi naye ana nguzo?”

“Hana nguzo. Ana kaburi lenye jina lake.”

“Nataka kuliona.”

Kama nyumbani kwako kuna mtoto aliyefiwa, anza na hayo. Tumia neno lenyewe, “amekufa”, kwa sauti ya upole na sentensi fupi. Mhakikishie kwamba si kosa lake, na mwambie nani atamtunza. Akitaka kwenda kaburini, mweleze kwanza atakachokiona, kisha mpeleke akiwa na mtu anayemwamini, asipotaka, usimlazimishe. Atauliza swali lile lile mara nyingi, nawe mjibu bila kuchoka. Ukilia mbele yake si vibaya, mwambie unamkumbuka marehemu.

Kukojoa kitandani, kukosa hamu ya kula, kuumwa tumbo mara kwa mara au kushuka darasani huweza kutokea baada ya msiba. Usimchape wala kumwaibisha. Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, au mtoto akisema anataka kumfuata marehemu, mpeleke kituo cha afya, aonwe na daktari au mshauri nasaha. Hilo la mwisho lisisubiri hata siku moja.

Jumapili iliyopita walikwenda kaburini kwa bibi. Mtoto alibeba kikombe cha bati alichokuwa akinywea chai kwa bibi yake, akataka kibandikwe kaburini kama mabakuli ya Kaole. Baba yake alimwambia wakiweke nyumbani kabatini, mahali anapoweza kukiona. Akakubali. Kitanda bado kinalowa siku moja moja, lakini kaka anasema sasa anaagwa mlangoni bila kilio.

Tukutane wiki ijayo.