Dereva wa Mizigo Asilipie Haraka Yetu

Ifikapo Desemba, Kariakoo hapapitiki. Wateja huagiza bidhaa kwa simu, na madereva wa bodaboda, bajaji na kirikuu hukimbiza mizigo tangu alfajiri hadi usiku. Siku za kuelekea Idi hali huwa ileile. Ajali ikitokea, wengi husema, "Bodaboda hawana nidhamu." Kwa maoni yangu, hiyo ni nusu ya ukweli. Haraka ya dereva huanzia kwa anayemtuma na anayemsubiri.

Kwanza, tuangalie malipo. Madereva wengi hulipwa kwa safari, si kwa saa. Anayeendesha pikipiki ya tajiri anadaiwa hesabu kila jioni, iwe mvua iwe jua. Msimu wa sikukuu ndipo anapotafuta ada ya mtoto ya Januari, hivyo haoni nafasi ya kula wala kulala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na saa 12 za kupumzika kabla ya kurudi kazini. Dereva asiye na mkataba atamdai nani haki hiyo?

Pili, haraka yenyewe ina faida ndogo. Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa huchukua dakika 15. Kwa mwendo wa 60 huchukua dakika 10. Dereva ameokoa dakika 5 tu, lakini kwa kanuni za Fizikia, umbali anaouhitaji kusimama baada ya kushika breki umeongezeka zaidi ya mara mbili. Ongeza utelezi wa mvua za vuli na boksi zito nyuma, utaona dakika hizo zina bei kubwa mno.

Wapo wanaosema dereva ni mtu mzima, awajibike mwenyewe. Ni kweli kwamba kuvaa kofia ngumu na kusimama kwenye taa nyekundu ni wajibu wake. Hata hivyo, askari wa usalama barabarani humkamata dereva tu. Hamkamati mteja aliyempigia simu mara tano akiwa njiani.

Basi kila mmoja afanye sehemu yake. Mwenye duka atangaze mapema siku ya mwisho ya kupokea oda za sikukuu, apange mizigo ya mtaa mmoja iende pamoja, na asimpakize dereva kupita kiasi. Mwenye pikipiki apunguze hesabu siku za mvua kubwa. Mteja atume maelekezo ya nyumba kabla dereva hajaondoka, kisha aache kupiga simu.

Mtihani wenu unafanyika Novemba, na msimu huo unaanza mara tu mnapoweka kalamu chini. Baadhi yenu mtasaidia dukani, wengine mtaagiza nguo za sikukuu, na wengine siku moja mtashika usukani. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mzigo ukichelewa, tutaombana radhi na yataisha. Dereva asiporudi nyumbani, hakuna radhi itakayowatosha wanawe.