Jazi si mgeni kwetu, walimu tegeni masikio

Majuzi, nilipokuwa nikifafanua darasani jinsi maneno ya kigeni yanavyoingia katika Kiswahili na kubadilika maana, mwanafunzi mmoja mwenyeji wa Ruiru aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kwa nini bendi za wazee wetu zilijiita Jazz ilhali hazikujua kupiga jazi?" Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa maana swali lile lilikuwa limebeba dhana mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba jazi ni mali ya Marekani peke yake. Ya pili ni kwamba wazee wetu walilivaa jina hilo kama mtu avaaye koti la kuazima. Dhana zote mbili ni potovu, na zimeota mizizi kwa sababu sisi walimu tumezinyamazia.

Tuanze na neno lenyewe. Mnamo mwaka wa 2000, wataalamu wa Chama cha Lahaja cha Marekani walilichagua kuwa neno la karne ya ishirini. Hata hivyo, huko huko Marekani neno hilo lilichapishwa California mwaka wa 1912 katika habari za mchezo wa besiboli, kabla halijapata kuwa jina la muziki. Santuri ya kwanza ya muziki huu ilipotolewa mwaka wa 1917, bendi iliyoipiga iliandika jina lake kwa herufi mbili za s, Original Dixieland Jass Band. Wenye neno walikuwa bado hawajakubaliana hata juu ya tahajia yake.

Katika miaka ya 1920 na 1930, sehemu nyingi za dunia ziliita "bendi ya jazi" kundi lolote la kisasa lililopiga dansi kwa ngoma, tarumbeta na ala za nyuzi. Kwa maana hiyo, Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka wa 1932. Mwaka uliofuata zikaanza kutolewa santuri za GV, zilizoleta rumba ya Kuba katika bandari na miji ya Afrika. Joseph Kabasele akaunda African Jazz mjini Léopoldville, na mwaka wa 1956 ikazaliwa OK Jazz, ambayo Franco aliiongoza kwa miaka mingi. Tanzania ikapata Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz. Kandokando ya Ziwa Viktoria zikavuma Victoria Jazz na Shirati Jazz. Basi wazee hawakukosea. Walilitumia neno kwa maana iliyokuwa hai siku zao. Aliyebadilika ni neno, ambalo baadaye lilibanwa likabaki na maana finyu.

Je, huo unaoitwa jazi halisi ni muziki wa aina gani? Si wa aina moja. Anayetaka kuufahamu asisome fasili katika kamusi. Asikilize santuri chache kwa utaratibu. Aanze na "West End Blues", iliyorekodiwa na Louis Armstrong mwaka wa 1928. Tarumbeta inafungua peke yake, bila ala nyingine, kama manju anayetoa sauti ya kwanza uwanjani kabla ya ngoma kuitikia. Chini yake umo mzunguko wa bluzi wenye hatua 12, ambao kila mpigaji anaujua na ndani yake kila mmoja yuko huru. Mwalimu wa ushairi hatashangaa. Shairi letu la tarbia lina mizani 16 katika kila mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, na hakuna malenga aliyewahi kulalamika kwamba kanuni hiyo imemfunga ulimi.

Kisha asikilize bendi kubwa ya Duke Ellington, aliyetunga akimfikiria kila mpigaji wake na sauti yake. Hiyo ndiyo swingi, jazi ya kumbi za dansi. Kutoka hapo aende kwa Charlie Parker na "Ko-Ko" ya mwaka wa 1945, ambapo mwendo ni wa kasi na saksofoni inajenga nyimbo mpya juu ya msingi wa wimbo uliokwisha kujulikana. Mtindo huo uliitwa bibopu. Baada ya joto hilo atapata utulivu katika "Kind of Blue" ya Miles Davis, iliyorekodiwa mwaka wa 1959. Mwaka huo huo Dave Brubeck alitoa "Take Five", wimbo wa Paul Desmond wenye mapigo matano matano. Mwishoni aketi kimya mbele ya "A Love Supreme", ambayo John Coltrane aliirekodi mnamo Desemba 1964 kama sala. Mimi ningeokoa hiyo kwanza nyumba ikishika moto.

Lakini ipo santuri nyingine ambayo mwalimu wa Kiswahili hana udhuru wa kutoijua. Mnamo Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, mpiga piano Randy Weston alikusanya wanamuziki wengi jijini New York akarekodi "Uhuru Afrika". Maneno yake yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akayasoma kwa Kiswahili. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Yaani lugha ambayo baadhi ya wanafunzi wetu huionea haya wanapokuwa mjini ilichaguliwa New York iwe sauti ya uhuru wa bara zima, miaka mitatu kabla ya Kenya kupandisha bendera yake.

Haikuishia hapo. Mwaka wa 1964 mpiga tarumbeta Lee Morgan alirekodi wimbo alioupa jina "Mr. Kenyatta". Gatundu, alikotoka huyo aliyeimbiwa, si mbali na Thika wala Ruiru. Mwaka wa 1971 Herbie Hancock alitoa santuri iitwayo "Mwandishi". Hilo ndilo jina la Kiswahili alilokuwa amejipa, na wenzake nao wakajiita Jabali, Mganga, Mwile, Pepo Mtoto na Mchezaji.

Jina hilo la mwisho linanipa fursa ya kumjibu mwanafunzi wangu. Aliyeitwa Mchezaji alikuwa mpiga besi. Kwa Kiswahili sanifu tungemwita mpigaji, maana lugha yetu hutenganisha kazi hizi mbili: mmoja huipiga ngoma, mwingine huicheza. Kimombo hutumia kitenzi kimoja kwa anayepiga ala na anayecheza mpira. Kosa hilo dogo la tafsiri linatufunulia jambo kubwa. Tangu bibopu, jazi ya Marekani ilizidi kuwa muziki wa kuketi na kusikiliza. Mpigaji alibaki jukwaani, mchezaji akarudi kitini. Jazi ya kwetu haikumfukuza mchezaji. Mbaraka Mwinshehe alipoliachia gitaa lake, au bendi ya D.O. Misiani ilipochapuza mwendo kuelekea mwisho wa wimbo, mpigaji alibuni papo kwa papo akiyatazama magoti ya wachezaji. Kubuni ni kule kule, kujibizana ni kule kule. Tofauti ni nani anayejibu: huko hujibiwa na ala nyingine, huku hujibiwa pia na miguu. Kwa hivyo wazee wetu walijua kupiga jazi, tena jazi ya mtindo wao.

Sasa tutazame karibu na nyumbani. Mwalimu anayefunza Thika akiangalia upande wa barabara ya Garissa huuona mlima ambao Wamaasai waliuita Ol Doinyo Sabuk nasi tukauita Kilimambogo. Chini yake kipo chuo ambacho kimewafuzu walimu wengi. Jina la mlima huo ndilo Kakai Kilonzo alilowapa ndugu zake wa muziki, Kilimambogo Brothers. Aliimba Kikamba, lakini pia aliimba Kiswahili, na benga yake ikasikika mbali na Ukambani. Alifariki mwaka wa 1987 akiwa hajafikisha miaka 40. Upande wa pili wa Thika iko Gatanga, nyumbani kwa Daniel Kamau, maarufu kwa jina la DK, aliyeipa benga ladha ya Kikikuyu. Mtindo wenyewe ulitoka kwa Waluo, waliolifundisha gitaa kusema kama nyatiti. Miji kama Thika na Ruiru, yenye viwanda na mashamba ya kahawa, iliwakusanya Wakikuyu, Wakamba, Waluo na Waluhya katika mitaa mimoja. Benga ilipita juu ya kuta za lugha zao, na Kiswahili kikawa daraja. Ni somo gani la isimujamii lililo bora kuliko hilo?

Najua nitakavyopingwa. Nitaambiwa kwamba silabasi imejaa pomoni, na kwamba nyimbo hizi ni za vilabuni, hazifai watoto. Hoja ya pili ina ukweli wake. Zipo nyimbo ambazo nisingezipeleka darasani. Lakini tukumbuke kwamba katika miaka ya 1960 Joseph Kamaru aliimba juu ya mwalimu aliyemtaka kimapenzi mwanafunzi wake, na walimu wakakasirika. Aliyekuwa akitetea maadili siku hiyo ni mwanamuziki. Kuhusu silabasi, sidai somo jipya. Nadai dakika 20 katika kipindi cha fasihi simulizi, ambacho tayari kipo.

Hatari iliyopo si ndogo. Mwaka jana, katika ua wa nyumba moja mjini Ruiru, niliona santuri mbili zimefanywa vifuniko vya mitungi ya maji. Mwenye nyumba aliniambia kwamba zilikuwa za marehemu baba yake, na kwamba nyingine zilitupwa walipohama. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zile sahani nyeusi ni maandishi ya watu ambao hawakuandika vitabu. Kwa upande mwingine, mjukuu wa Kamaru, ambaye naye ni mwanamuziki na hujiita KMRU, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake aliyefariki mwaka wa 2018, ili dunia izisikie. Mjukuu mmoja ameonyesha njia. Wajukuu wengine wako madarasani mwetu.

Napendekeza basi mambo matatu, yasiyohitaji fedha za serikali. Mosi, kila mwanafunzi aulize nyumbani kama ipo santuri au kanda ya zamani, aandike jina la bendi, lugha, na kumbukumbu za mwenye nayo. Pili, shule ziyatunze maandishi hayo maktabani pamoja na nakala za sauti. Simu ya mkononi yatosha kunasa. Tatu, mwalimu aweke "Uhuru Afrika" na wimbo mmoja wa Kilimambogo Brothers katika kipindi kimoja, kisha aliulize darasa: kiongozi ni nani, anayeitikia ni nani, na kanuni iko wapi?

Nimemwahidi mwanafunzi wangu kwamba muhula ujao nitakuja na gramafoni darasani. Naye ameahidi kuja na santuri ya nyanya yake, ambayo mpaka siku ile hakujua ilikuwa imeandikwa nini. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Huyu ameanza kuukunjua mbacha wake. Wako wapi wengine?