Mashine Haijui Ngeli

Makala moja iliyoletwa kwa ajili ya toleo hili ilikuwa na marejeo 32. Manne kati yake hayapo duniani. Moja lilidai limechapwa katika jarida la Kiswahili, lina juzuu, lina namba za kurasa, na lina jina la mwandishi ambaye wengi wetu tunamfahamu. Niliitoa juzuu yenyewe rafuni, nikafunua kurasa zilizotajwa, nikajikuta katikati ya makala ya mtu mwingine, juu ya jambo lingine. Nikampigia simu mwandishi wetu, mwanafunzi wa uzamili. Hakubisha. Akili mnemba ndiyo iliyompa, akasema, na yeye alidhani imesoma.

Nilipolifikisha suala hili kwenye bodi, kikao kiligeuka mahakama. Wapo waliotaka tupige marufuku. Wapo walioanza na “enzi zetu”, jinsi walivyokaa maktaba hadi taa zizimwe. Nawaheshimu wazee wangu hawa, ila enzi zao nazikumbuka. Nakumbuka orodha za marejeo zilizorithiwa kutoka tasnifu hadi tasnifu kama vyombo vya bibi, pamoja na makosa ya chapa, kwa sababu aliyenukuu wa pili hakukiona kitabu, wala wa tatu. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Hao hawakukosa maktaba wala intaneti. Kwa hiyo tusijifanye kwamba ugonjwa huu umezaliwa na uvivu wa vijana wetu.

Kilichonikera zaidi ni kwamba katika saa nzima ya mabishano hakuna aliyeuliza kijana alitafuta nini kabla ya kukata tamaa. Nikamwita ofisini.

“Mwalimu, nilitafuta. Hakuna kitu.”

“Uliandikaje?”

Akaandika mbele yangu: utenzi wa Tambuka. Katalogi ikamletea vitabu viwili, kimoja alikuwa nacho tayari. Nikamwomba aweke utendi badala ya utenzi, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya Pate na kaskazini husema utendi. Orodha ikabadilika. Kisha nikamwambia aache kabisa hilo Tambuka, aandike Herkal. Akanitazama kama niliyemtukana. Utendi huu, unaohusishwa na Bwana Mwengo na mwaka 1728, unajulikana pia kama Chuo cha Herkal, na ndivyo Carl Meinhof alivyouchapa Ujerumani mwaka 1911. Jan Knappert alipouandikia tasnifu yake kule Leiden mwaka 1958, aliuita utenzi wa Heraklios, kwa Kiholanzi. Kazi moja, majina matatu, na kila jina lina rafu yake. Mwanafunzi anayejua moja anapata theluthi ya elimu, halafu tunamwambia hajui kutafuta.

Hapa ndipo ninapotofautiana na karibu kila mtu aliyeandika katika toleo hili. Mjadala wetu umejaa maneno ya kuaminika: chanzo gani ni cha kuaminika, tovuti gani si ya kuaminika, Wikipedia inafaa au haifai. (Inafaa kwa kusoma tanbihi zake, basi.) Lakini chanzo kisichopatikana hakiaminiki wala hakikataliwi. Kwa msomaji hakipo. Na vyanzo vyetu vingi bora havipatikani kwa sababu ndogo ya aibu: vifaa vya kutafutia vilitengenezwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mkiani, na Kiswahili hubadilisha neno kichwani.

Mwongozo wowote wa maktaba humfundisha mwanafunzi kuweka nyota mwishoni mwa neno ili apate maumbo yake yote. Kwa Kiingereza hila hiyo inafanya kazi vizuri. Jaribu kwa Kiswahili. Ukitafuta mwalimu hupati walimu, wala ualimu. Ukitafuta ushairi unakosa shairi, mashairi, mshairi na washairi, maumbo manne ambayo mtoto wa darasa la tatu anajua ni ukoo mmoja. Nyota yako haina pa kukaa, maana kinachobadilika kiko mbele, na katalogi nyingi hazikubali nyota mbele. Mashine haijui ngeli. Dawa ipo na ni rahisi: andika maumbo yote mwenyewe, ukiyaunganisha kwa OR, ile “au” ya Kiingereza ambayo katalogi inaielewa, kwa herufi kubwa. Dakika moja inatosha. Lakini nimepekua miongozo ya maktaba kadhaa za ukanda huu na sijaona hata mmoja unaolisema hili, kwa sababu miongozo yenyewe ni tafsiri.

Ongeza mipaka ya nchi. Nilichokiita akili mnemba hapo juu, msomaji wa Nairobi anakiita akili unde, na wengine akili bandia. Anayetafuta kwa neno moja anasoma nchi moja.

Ongeza majina ya watu. Zanzibar imetupa waandishi watatu wa riwaya ambao wanafunzi huwachanganya kila muhula: Muhammed Said Abdulla wa Mzimu wa Watu wa Kale, Mohamed Suleiman Mohamed wa Kiu, na Said Ahmed Mohamed wa Utengano. Katalogi ya Kizungu huchukua jina la mwisho na kuliweka mbele, kama kwamba ni jina la ukoo, wakati ni jina la baba au babu. Matokeo yake wawili wamekuwa Mohamed, wa tatu amekuwa Abdulla, na Shaaban Robert amekuwa Robert. Nimeshasahihisha insha iliyomsifu mwandishi wa Utengano kwa kumuumba Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla. Nilicheka, kisha nikaangalia orodha niliyowapa darasani: nilikuwa nimeandika “Mohamed, S.” na “Mohamed, M. S.” bila majina ya vitabu vyao.

Na majarida? Swahili Forum linasomwa bure mtandaoni, lakini matoleo yake ya kwanza, kuanzia 1994, yalitoka Köln ndani ya mfululizo ulioitwa AAP. Kwa hiyo ukiona katika tanbihi ya mzee fulani “AAP 37”, hilo ni Swahili Forum la kwanza. Nani anamwambia mwanafunzi hivyo? Jarida la Kiswahili nalo halikuzaliwa na jina hilo. Lilianza mwaka 1930 kama taarifa ya Kamati ya Lugha, kwa Kiingereza, likabadilisha majina zaidi ya mara moja. Anayetafuta kwa jina la leo anapoteza miongo minne ya kwanza na hajui kuwa ameipoteza.

Jambo la mwisho katika shauri langu hili ambalo wenzangu wamelichoka. Katalogi nyingi za vyuo huainisha vitabu vya Kiswahili kwa vichwa vya mada vya Kiingereza. Ili mtu wa Tanga apate diwani iliyoandikwa Tanga, ajue kwanza kwamba Marekani diwani hiyo inaitwa Swahili poetry. Ni kichekesho, lakini kichekesho chenye mlango: ukishapata kitabu kimoja kinachokufaa, kifungue katika katalogi, tazama vichwa vya mada chini yake, ubonyeze. Au fanya kitu cha kizamani zaidi. Inuka uende rafuni. Kama maktaba inatumia Dewey, fasihi ya Kiswahili iko 896.392, kama inatumia mfumo wa Library of Congress, anzia PL8701 hadi PL8704. Simama hapo robo saa, kichwa umekiinamisha ubavu usome migongo ya vitabu. Kijana wangu aliondoka hapo na vitabu vitano ambavyo hakuna kisanduku cha kutafutia kilichowahi kumtajia.

Sasa niwatendee haki wachangiaji. Makala inayofungua toleo, kutoka kwa mkutubi wa chuo cha pwani ya Kenya, inaeleza jinsi anavyowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kutumia Google Scholar kwenda mbele: kuanza na makala ya zamani na kubonyeza ili kuona nani ameitaja baadaye. Isomeni kwa makini. Ni makala bora ya toleo hili, japo haitaji Kiswahili hata mara moja.

Ya pili ni juu ya majarida ya kitapeli, yale yanayokubali makala kwa siku tatu na kutuma ankara siku ya nne. Mwandishi anasikitika kwamba orodha ya majarida hayo aliyoiweka Jeffrey Beall ilifungwa Januari 2017. Mimi sisikitiki sana, maana orodha ya mtu mmoja ilikuwa inageuzwa msahafu. Ningependa aseme zaidi kuhusu vyuo vyetu vinavyohesabu makala kama magunia ya korosho, kwa wingi, bila kufungua gunia.

Ya tatu inalaumu kasi ya intaneti. Ni kweli kidogo. Lakini Hinari, njia ya kufikia majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, ilianzishwa chini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, leo imo ndani ya Research4Life, na bado ninakutana na wahadhiri ambao chuo chao kimesajiliwa na hawajui, kwa sababu nywila iko kwa mtu mmoja na mtu huyo yuko likizo.

Ya nne ni tahakiki fupi ya mwongozo wa nyaraka za Zanzibar. Inatosha.

Hakuna aliyeandika juu ya nafasi ya mkutubi darasani, ingawa niliomba mara mbili. Acha niseme mwenyewe. Tunampa mkutubi saa moja, wiki ya kwanza, wanafunzi mia mbili ukumbini, kabla hata mmoja wao hajawa na swali la utafiti. Anawaonyesha vyoo viko wapi na kuwaambia kunyamaza ni lazima. Miaka mitatu baadaye, mwanafunzi anapoanza kuandika na ndipo anapomhitaji, hamjui hata jina. Ningependa kozi ya mbinu za utafiti isimamiwe na watu wawili, mhadhiri na mkutubi, na mkutubi awe na alama zake za kutoa: si kwa orodha ya marejeo iliyopangika, bali kwa shajara ya kutafuta. Mwanafunzi aandike alitafuta neno gani, wapi, akapata nini, akabadilisha neno gani. Akili mnemba inaweza kubuni marejeo manne kwa sekunde. Kubuni safari nzima ya mtu aliyepotea kati ya Tambuka na Heraklios ni kazi ngumu zaidi, na hata ikibuniwa, mkutubi aliyepita njia hiyo atajua.

Nasi tuna dhambi zetu. Hadi toleo lililopita, maneno makuu ya makala zetu yaliandikwa kwa Kiingereza pekee, hata makala yenyewe ilipokuwa ya Kiswahili tupu. Yaani tulichapa kwa lugha moja na kuficha kwa nyingine. Kuanzia toleo hili kila makala ina maneno makuu ya Kiswahili, kwa umoja na wingi, pamoja na visawe vya upande wa pili wa mpaka. Majina ya waandishi yameandikwa kamili, kama wenyewe wanavyojiita. Karibu kila rejeo limetazamwa na mtu aliyeshika kitabu au kufungua ukurasa. Yapo mawili ambayo hatukuyaona kwa macho, na tumeyawekea alama.

Makala ya yule kijana itatoka toleo lijalo. Ina marejeo 35, na nimeyakagua yote.

Ombi moja kwa wasomaji wa siku nyingi. Seti ya jarida letu wenyewe hapa ofisini haijakamilika. Miaka ya mwanzo ina mapengo, na hatuwezi kuiweka mtandaoni hadi tuzibe. Mwenye nakala za zamani kwenye kasha, hata kama zimeliwa na mchwa pembeni, atuandikie. Tutazipiga picha na kuzirudisha.