Ukiukataa Mkopo, Usiukatae Ufadhili



Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka na KUCCPS ikishapanga watu vyuoni, mtaani kunatokea kitu ambacho tumekizoea hadi hatukioni tena. Kijana wa Majengo ameitwa chuo kikuu. Mama yake amepigia ndugu wote simu, mpaka wale wa Isiolo. Halafu mwezi wa tisa unafika, wenzake wanaondoka na mabegi, yeye yuko Eastleigh anauza viatu kwa duka la mjomba. Ukimuuliza imekuwaje, anakwambia, "HELB ni riba, bro." Na mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi sitaki yaishie hapo.

Niseme mapema, mimi si shehe. Nina diploma na ninafanya kazi na vijana wa mitaa hii, basi. Mkopo wa HELB kwa mwanafunzi wa digrii unatozwa asilimia 4 kwa mwaka. Kuna maulamaa wanaosema wazi kwamba hiyo ni riba, na kuna wanaozungumza habari ya dharura. Muulize mwanachuoni unayemwamini, na ukirudi na jibu la hapana, mimi nitaliheshimu. Ninachokataa ni vile unavyopiga hesabu baada ya hapo.

Kwa sababu tangu Mei 2023, serikali ilipotangaza mfumo mpya wa kugharamia vyuo vikuu, pesa zake zinatoka kwa mifuko miwili. Kuna mkopo, huo ni wa HELB. Na kuna ufadhili, unaotoka kwa Universities Fund, pesa ambazo hutadaiwa maisha yako yote. Mlango wa kuombea ni mmoja, ile tovuti ya HEF, lakini ufadhili ni ombi lake na mkopo ni ombi lake. Riba iko kwa mkopo. Kwa ufadhili haiko. Vijana wetu wanakimbia ule mmoja na kuuacha mwingine umelala pale mezani, bila mwenyewe.

Chukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, tuitumie kama mfano. Mfumo unagawa familia katika bendi tano kulingana na kipato. Bendi ya 1 ni nyumba isiyopata zaidi ya shilingi 5,995 kwa mwezi, na bendi ya 5 ni wale wa zaidi ya 120,000. Aliye bendi ya 1 anapewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na nyumbani wanalipa asilimia 5. Kwa kozi yetu ni 140,000 za ufadhili, 50,000 za mkopo, na 10,000 za mzazi. Sasa tuseme kijana wa bendi ya 1 ameukataa mkopo kwa ajili ya dini yake. Anabaki kutafuta 60,000 kwa mwaka. Hizo ni 5,000 kwa mwezi. Watu kumi, kila mmoja 500.

Tuna base ngapi Eastlands zenye watu kumi? Miraa ya wikendi moja pekee inapita hiyo 500, na mnajua sisemi uongo.

Lakini yule asiyejaza fomu kabisa ameachiwa zote 200,000, mwaka baada ya mwaka. Hizo hakuna base itachanga, hakuna mjomba atatoa. Kwa hivyo si riba iliyomtoa chuoni. Ni kutojaza.

Usisahau pesa za matumizi. Zipo kati ya 40,000 na 60,000 kwa mwaka kulingana na bendi, na zote ni mkopo. Ukikataa mkopo umezikataa na hizo. Hapa ndipo kuishi Eastlands kunakuwa neema ambayo hatuihesabu. Ukitoka Umoja au Kayole, UoN na TUK ni safari ya matatu moja au mbili, na Kenyatta University iko hapo Thika Road. Unalala kwenu, unakula kwenu. Mtu aliyeazimia kutochukua mkopo halafu akachagua chuo kilicho saa nane kwa basi amejiongezea kodi ya nyumba na chakula bila kujua.

Na kuna jambo lingine la kufikiria kabla ya kuchagua chuo. Mwanafunzi wa chuo cha binafsi anaruhusiwa kuomba mkopo wa HELB, lakini ufadhili wa serikali hapati. Hiyo ni pamoja na vyuo vyetu vya Kiislamu, kama Umma University kule Kajiado. Kijana anachagua chuo cha Kiislamu kwa mapenzi ya dini, halafu anagundua kwamba pesa pekee ya serikali aliyobakishiwa ni ile yenye riba. Kama una mtu wa kukulipia, nenda na Mungu akubariki. Kama huna, jua hilo unapochagua, si siku ya kuripoti.

Sasa tuje kwa fomu yenyewe, maana hapa ndipo watu wa mtaa wetu wanaumizwa zaidi.

Bendi haitolewi na mtu anayekujua. Inatolewa na mashine inayosoma majibu yako: wazazi wako ni nani na wanafanya nini, mko wangapi nyumbani, ulisoma shule gani, kozi gani, kama una ulemavu, kama unatoka eneo lililosahaulika. Wengi wetu tunaenda saiba, tunampa kijana wa saiba index namba na shilingi mia mbili, tunakaa kando tukiangalia TikTok. Yeye ana foleni ya watu ishirini. Baba ni mchuuzi wa Gikomba, yeye anaandika "businessman" na kuendelea. Mama ndiye anayelea watoto saba peke yake, yeye anaandika wawili. Tena ametumia imeili yake na pasiwadi yake. Baada ya miezi miwili unaletewa bendi ya 5 na huwezi hata kuingia uone kilichoandikwa.

Bendi ya 5 kwa ile kozi yetu ni ufadhili 60,000, mkopo 60,000, na mzazi 80,000. Mzazi huyohuyo wa Gikomba.

Kuna kosa moja linawapata Waislamu wa hapa sana. Ulisomeshwa na mfadhili, pengine taasisi ya misaada au tajiri mmoja wa msikitini, katika shule ya bweni ambayo karo yake si mchezo. Mashine inaiona shule. Mfadhili haimuoni, mpaka uiambie. Kwa hivyo barua ya aliyekulipia karo ni karatasi ya maana kama cheti chako cha KCSE. Itafute sasa, kabla hiyo taasisi haijahama ofisi. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo kiwe tayari, si "tutakitafuta". Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lako wewe, si la dada yako. Na fomu ijaze wewe mwenyewe, kwa imeili yako, hata kama ni kwa simu ya kuazima.

Ukipewa bendi isiyo yako, usikae nyumbani ukisema ni qadar. Mwaka 2024 wanafunzi walipolalamika nchi nzima, serikali ilifungua njia ya kukata rufaa, na waliokata walikuwa na karatasi mkononi. Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliuita mfumo huu wa kibaguzi na kinyume cha Katiba, kufuatia kesi iliyopelekwa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya serikali, pamoja na wenzake. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo, na mfumo ukaendelea. Kwa hivyo kwa sasa tuko nao. Ubaya wake usikufanye uususe. Unaweza kupinga mfumo mahakamani na bado ukaukamua.

Kitambulisho. Nyinyi wa Eastleigh, na Wanubi, na wengine wenye majina ambayo yakisomwa kwa ofisi karani anainua kichwa, mnajua hadithi hii kuliko mimi. Bila kipande hakuna laini ya simu, hakuna akaunti, na maombi yanakwama. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais alitia sahihi kuondoa ule upekuzi wa ziada kwa jamii za mipakani. Ukiambiwa leo ulete karatasi za babu ambazo jirani yako wa Jericho hakuulizwa, andika tarehe, andika jina la ofisi, omba jibu kwa maandishi, na utuletee. Hiyo si kesi yako peke yako. Lakini anza kutafuta kitambulisho ukiwa kidato cha nne kama umri umefika. Usingoje barua ya chuo.

Nje ya serikali kuna milango pia. Basari ya NG-CDF iko kwa ofisi ya eneobunge lako, iwe Kamukunji, Makadara, Mathare au Embakasi yoyote ile. Ni pesa kidogo, lakini haina riba, na inapenda watu wanaorudi mara mbili. Ufadhili wa serikali ya Uturuki kwa kawaida hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20, unalipa karo, makazi na hata tiketi ya ndege, na kuuomba ni bure. Narudia, ni bure. Yeyote anayekuomba elfu tano ili "akusaidie kupata nafasi" Uturuki au Saudia anakula pesa yako, hata akiwa na kofia na ndevu.

Kuna mpango mmoja ambao nataka mjue jinsi unavyofanya kazi, hata kama hutauomba. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kusomesha Waislamu wa nchi ambazo si wanachama wake, kama Kenya. Mwanafunzi anakopeshwa bila riba. Akimaliza na kupata kazi, hairudishii benki. Anairudisha kwa jamii yake, ili isomeshe mwingine. Soma sentensi hiyo tena. Hicho kitu hakihitaji benki ya Jeddah. Kinahitaji kamati ya msikiti yenye daftari na watu waaminifu.

Na hapa nawageukia wazee wetu, kwa heshima zote. Mmetufundisha kuogopa riba, na Mungu awalipe. Lakini mkimwambia mtoto aache mkopo, mwambieni pia pesa nyingine iko wapi. Zaka inakusanywa kila Ramadhani. Mwanafunzi wa bendi ya 1, ambaye serikali yenyewe imeandika kwamba kwao hawafikishi shilingi 6,000 kwa mwezi, kama si maskini basi sijui maskini ni nani. Misikiti yetu mingine imebadilisha mazulia mara mbili nikiwa naangalia. Na historia iko hapahapa mtaani. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa eneo ambalo leo ni Kamukunji, alipandisha vijana 81 kwa ndege ya kwanza kwenda kusoma Marekani. Pesa zilitoka kwa wafadhili wa huko, na pia kwa vijiji na familia zilizochanga shilingi mojamoja hapa nyumbani.

Serikali nayo tuiombe jambo moja lililo wazi. Tanzania walikuwa wanatoza asilimia 6 kwa mikopo ya wanafunzi, wakiiita tozo ya kulinda thamani. Mwaka 2021 Rais Samia aliiondoa. Bodi yao ya mikopo haikufungwa. Kenya tuna benki za Kiislamu zenye leseni tangu miaka ya 2007 na 2008, kwa hivyo utaalamu uko hapa Nairobi. Tusikubali ahadi bila tarehe. Waislamu wa Uingereza walipata sheria ya kuruhusu mkopo usio na riba mwaka 2017, na miaka ikapita wakiwa bado wanangoja.

Ukishaingia, kazi ni kushikilia. Kama ulichukua mkopo, unaombwa upya kila mwaka, haujileti wenyewe. Ufadhili unalipwa chuoni, si kwako, na mara nyingi unachelewa. Portal ikikuonyesha deni, usikimbie mtihani. Nenda kwa ofisi ya wanafunzi na barua yako ya HEF, uandike, ubaki na nakala. Uliza kuhusu kazi za wanafunzi, vyuo vingi vya umma vinazo, za maktaba na za usafi, na hazina aibu. Ukiugua au ukihitaji kupumzika muhula, omba likizo kwa maandishi. Ukipotea tu, jina lako litapotea nawe. Na wewe uliyechukua mkopo kisha ukamaliza, jua kwamba ukiacha kulipa unapigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi juu ya deni lenyewe. Zungumza nao mapema kabla haijajilimbikiza.

Kama mwaka huu umeitwa na bado hujajaza, tutumie ujumbe useme uko mtaa gani, na tutakutafutia mtu wa kukaa naye ujaze. Njoo na index namba zako, kitambulisho chako na cha mzazi, na ile barua ya mfadhili. Namba ya kitambulisho usiiandike hadharani hapa chini, ulete mkononi.