Wanunuzi wa Unga wa Protini Wasipunjwe

Vijana wengi wanaonyanyua vyuma hununua unga wa protini kwa kutazama ukubwa wa kopo na misuli ya mtu aliyechorwa juu yake. Sisi tunasema huko ni kujipunja.

Kinacholipiwa ni protini, wala si uzito wa kopo. Mnunuzi hana budi kusoma yale maandishi madogo ya ubavuni: kijiko cha gramu 30 kina gramu ngapi za protini? Katika unga mzuri utokanao na maziwa hukaribia 24. Palipo na 12 tu, kopo lililoonekana rahisi huenda ndilo ghali. Na agawanye bei kwa jumla ya gramu za protini zilizomo, ndipo alinganishe.

Hata hivyo, tarakimu nazo huweza kudanganya. Kipimo kilichozoeleka cha maabara huhesabu naitrojeni, si protini yenyewe. Nchini China, katika kashfa iliyofichuka mwaka 2008, maziwa yalitiwa melamini, kemikali ya kutengenezea sahani za plastiki, ili yaonekane yana protini nyingi. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita wakafa. Kwa hiyo tunazitaka mamlaka zinazohusika ziupime unga huu madukani, na majibu yatangazwe hadharani pamoja na majina ya bidhaa.

Wakati huo huo, dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, wangali sokoni. Nao wapigiwe hesabu ile ile.