Mkondo si Mto

Wakufunzi wengi, nami nikiwa mmoja wao, tukifika kwenye somo la mikondo ya kuingiza na kutoa data huchora mto ubaoni. Data, twasema, hutiririka kama maji kutoka kifaa hadi kifaa. Mchoro hupendeza, na wanachuo huunakili upesi. Kwa maoni yangu unapotosha, na mwalimu atakayekwenda nao katika darasa la tano au la sita atavuna mkanganyiko.

Nililitambua hilo kwa aibu. Kikundi cha wanachuo wangu kiliunganisha vibao viwili vya Arduino Uno. Cha kwanza kilipima joto na kutuma tarakimu zake. Cha pili kilizipokea na kuwasha feni joto likizidi 25. Chumbani joto lilikuwa 27, lakini feni iliwaka na kuzimika ovyo. Nikamkemea mwanachuo aliyefunga nyaya, nikamwamuru azifunge upya mara tatu mbele ya wenzake. Nyaya hazikuwa na kosa lolote. Tarakimu zote mbili zilipokuwa zimekwisha fika, kibao kilisoma 27. Mara nyingine kilikuta 2 peke yake, kikaidhani ndiyo habari nzima, kikaizima feni. Nusu kikombe cha maji ni maji bado, lakini kipande cha 27 ni namba nyingine kabisa.

Kifaa kidogo hupokea herufi moja baada ya nyingine. Kwa mwendo uliozoeleka wa biti 9,600 kwa sekunde, kila herufi huchukua biti 10 pamoja na alama zake za kuanza na kumaliza; basi hupita herufi 960 kwa sekunde. Zikifika hungoja katika kisanduku chenye nafasi 64 tu, kwani kumbukumbu ya kazi ya Uno R3 ni baiti 2,048 kwa jumla. Programu ikiamriwa kulala sekunde moja huku mwenzake akituma mfululizo, kisanduku hujaa kabla hata ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kupita, na herufi zinazofuata hupotea bila onyo. Upande wa kutoa tabia ni tofauti: kisanduku kikijaa, programu yenyewe husimama ikingoja nafasi. Mto gani una tabia hizo?

Linalowatatiza wanafunzi zaidi ni jibu la hasi moja. Katika Arduino, programu ikiomba herufi na kisanduku kikawa kitupu, hujibiwa -1, maana yake hakijafika kitu. Katika Java, hata ile iliyotumika katika simu ndogo za mkononi, programu inayosoma mkondo hungoja mpaka kitu kifike. Ikijibiwa -1, mkondo umekwisha. Namba ni ile ile, maana mbili. Vitabu huzifasiri zote kwa neno "hakuna", na hapo mwanafunzi hupotea. Kiswahili chetu kina maneno tayari: "bado" na "basi". Mtoto aliyewahi kutumwa jikoni kutazama kama chakula ki tayari anajua tofauti yake.

Kwa hiyo nawashauri mwanze na kadi kabla ya kugusa kompyuta. Mtoto mmoja akae nje ya dirisha akipitisha kadi za herufi moja moja. Ndani pawe na dawati dogo lenye nafasi nne. Mwingine aziokote na kuzisoma. Kadi ya tano ikikuta dawati limejaa, ianguke na isiokotwe. Msomaji akikuta dawati tupu, aambiwe "bado", naye aendelee na kazi nyingine kisha arudi. Kadi ya mwisho wa kila neno iwe na mstari mwekundu, na msomaji asitamke neno kabla ya kuiona. Ndivyo tulivyoiponya feni yetu: mtumaji aliongeza alama ya mwisho wa mstari baada ya 27, na mpokeaji akakusanya tarakimu mpaka aione.

Darasa litakuwa na kelele, na mwalimu mkuu huenda akachungulia. Mwacheni achungulie.

Mwanachuo niliyemkemea nilimwomba radhi mbele ya wale wale walioshuhudia. Tulipoucheza mchezo huu kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyeketi dirishani, akipitisha kadi kwa haraka iliyonishinda.